Mstari, karatasi au bahati nasibu? Kulinganisha njia za kupata viongozi wa kikundi pale bahasha inapozunguka

Vikundi vingi vya huku kwetu vikiandika katiba, kifungu cha uchaguzi hunakiliwa kutoka kwa kikundi jirani. Wauza samaki wa Feri pale Mtwara, akina mama wabangua korosho wa Newala, bodaboda wa Masasi, kamati ya kisima kule Liwale, wote utakuta wameandika sentensi ileile: viongozi watachaguliwa na mkutano mkuu. Watachaguliwa vipi, nani atahesabu, mgombea anaruhusiwa kutoa nini kabla ya siku hiyo, hakuna neno. Siku ikifika mtu anasimama, anasema jamani jua kali, tupange mstari tumalize. Na mara nyingi anayeharakisha mstari ni yule aliyekwisha kujua mstari wake utakuwa na watu wangapi.

Hapa nalinganisha njia tano za kumpata mtu wa kukalia kiti: kukilipia, kuteuliwa, mstari, karatasi ya siri, na bahati nasibu. Zote zimewahi kujaribiwa na watu wenye akili kuliko sisi, nyingine hapahapa pwani ya kusini, na zote zimeacha kumbukumbu ya jinsi hela ilivyopenya. AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, siziingizi humu, kwa sababu zina Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Tume inayozisimamia. Haya ni ya vikundi vinavyojiandikia katiba vyenyewe.

Kipimo changu ni kimoja. Mtoa rushwa ni mfanyabiashara. Kabla hajatoa hela anataka kujua mambo matatu: kiti kitamlipa kiasi gani, amlipe nani, na atajuaje kwamba mzigo umefika. Njia nzuri ni ile inayomvurugia angalau mawili kati ya hayo. Inayomvurugia yote sijaiona.

Kiti cha kulipiwa

Wengi wataruka sehemu hii wakidhani haiwahusu. Subirini.

Mnada maarufu kuliko yote ulifanyika Roma, Machi mwaka 193. Askari walinzi wa kaisari walimuua Pertinax waliyekuwa wakimlinda, kisha wakaunadi ukaisari kambini kwao. Wazabuni walikuwa wawili. Sulpicianus alifika sestersi 20,000, sarafu ya Warumi, kwa kila askari. Didius Julianus akapandisha hadi 25,000, akapewa. Alitawala siku 66, akauawa.

Wafaransa waliifanya biashara hiyo kwa utaratibu zaidi. Wafalme wao waliuza vyeo vya mahakama na vya hazina, na kuanzia 1604 mwenye cheo aliweza kulipa kila mwaka sehemu moja ya sitini ya thamani yake ili akirithishe kwa mwanawe kama shamba. Mambo hayo yalifutwa usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, mapinduzi yakiwa yamepamba moto. Uingereza nayo ilikuwa na bei rasmi za vyeo vya jeshi: katika vikosi vya kawaida vya miguu, ngazi ya chini ya ofisa ilikuwa pauni 450 na luteni kanali pauni 4,500, mpaka uuzaji huo ulipopigwa marufuku mwaka 1871. Ila vyeo vya kikosi cha mizinga na cha uhandisi havikuuzwa hata siku moja. Huko ilibidi mtu ajue hesabu. Kumbe hata wauzaji wenyewe walijua ni viti gani havifai kumpa yeyote mwenye hela.

Sasa njooni nyumbani. Masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi hawakukusanya ushuru wa forodha kwa watu wao. Walimkodisha forodha tajiri mmoja, naye akalipa kiasi kilichopatanwa kila mwaka. Alichokusanya juu ya hapo kilikuwa chake. Jairam Shivji aliishika kazi hiyo, baadaye Tharia Topan. Bandari za Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa ndani ya mkataba huo. Mwaka 1888 Sultani Khalifa akakodisha utawala wa pwani yetu na forodha zake kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti mwaka uleule maofisa wa kampuni wakaanza kujitwalia mamlaka mji baada ya mji. Sababu za watu kuinuka zilikuwa nyingi, lakini hii ya kuamka na kukuta umekodishwa pamoja na bandari yako haikuwa ndogo. Shuleni tulifundishwa habari za Abushiri wa Pangani. Huku kusini, Septemba ile, maofisa wa kampuni walikimbia Lindi na Mikindani, na Kilwa wawili waliuawa. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, pwani ikawa yake moja kwa moja.

Kwa nini kikundi cha soko kijali hayo? Kwa sababu kiti cha kulipiwa bado kipo, ila kimevaa nguo nyingine. Kipo katika fomu ya kugombea ya laki mbili kwenye umoja ambao mwenyekiti wake hana mshahara. Kipo katika kile kifungu cha "mgombea awe na uwezo wa kifedha". Kipo katika mchango wa heshima ambao kila mgombea anategemewa autangaze siku ya kuchukua fomu. Jiulizeni swali ambalo wafanyabiashara wa Lindi ya zamani walilijua jibu lake: aliyelipa ili apate kukusanya, atakusanya kiasi gani?

Nisiionee njia hii. Ina sifa moja inayozishinda nyingine: hela inaingia mfuko wa wote, mchana, na kiasi kinajulikana. Ndiyo maana kumpa wakala zabuni ya kukusanya ushuru kunaweza kufaa pale mnapomdai risiti na kumbana kwa mkataba wa muda mfupi. Lakini wakala awe wakala. Akiwa pia mweka hazina au mjumbe wa kamati, mmekwisha rudi 1888.

Kuteuliwa

Njia hii ni ya haraka na haina fujo. Mlezi wa kikundi, diwani, au mfadhili anasema fulani ndiye mwenyekiti, watu wanapiga makofi.

Wajerumani walitawala hivi. Akida aliwekwa na boma, akawajibika kwa boma, na mara nyingi hakuwa mtu wa pale. Alisimamia kodi ya kibanda iliyoanza 1898 na baadaye mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Watu hawakuwa na mahali pa kumshitaki ila kwa yuleyule aliyemweka. Julai 1905, Nandete, katika vilima vya Matumbi, ambako leo ni Mkoa wa Lindi, watu waling'oa pamba, na Majimaji ikaanza.

Kwa kipimo chetu, uteuzi ndio soko rahisi kuliko yote kwa mnunuzi, maana wa kumlipa ni mmoja tu, na mzigo ukifika kila mtu anauona. Penye udhia penyeza rupia, na hapa udhia una mlango mmoja. Naikubali kwa jambo moja: mkaguzi wa mahesabu. Huyo ateuliwe, tena atoke nje ya kikundi, ilimradi anayemteua si mweka hazina.

Mstari na karatasi

Hapa ndipo vikundi vingi vinapogombana, kwa hiyo tukae kidogo.

Faida ya mstari inajulikana. Hauhitaji kalamu wala kusoma. Hauna sanduku la kuibwa. Watu thelathini wakijipanga nyuma ya wagombea wawili, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuhesabu, na anayebisha anahesabu tena. Kwenye karatasi lazima umwamini anayezifungua.

Lakini mstari unampa mnunuzi kila anachotaka. Mzigo anauona kwa macho. Kijana aliyekula elfu tano yake jana akisimama mstari wa pili, leo jioni atatafutwa. Na si mnunuzi tu anayeona; mwenye duka anayekukopesha unga anaona, mwenye boti unayovulia anaona, mjomba anaona. Kuna watu wengi ambao hawajahongwa hata senti na bado hawako huru mstarini.

Kenya walijaribu kwa nchi nzima. Mwaka 1988 chama tawala cha KANU kiliwapata wagombea wake kwa mlolongo, na aliyepata asilimia 70 au zaidi akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Uwazi ule uliosifiwa haukuzuia mstari mfupi kutangazwa mshindi, kwa sababu watu wakishatawanyika mstari haupo tena na hakuna karatasi ya kurudia kuhesabu. Hili wapenda mstari huwa hawalitaji. Chama chenyewe kiliuacha mlolongo mwishoni mwa 1990.

Warumi walipitia njia hiyohiyo miaka elfu mbili nyuma. Mpaka mwaka 139 kabla ya Kristo, mpiga kura alitamka jina la mgombea wake kwa mdomo mbele ya karani. Mwaka huo sheria ikaleta vibao vya kuandikia. Haikuchukua muda wapambe wakagundua kwamba wakisimama kwenye vile vidaraja vya mbao ambavyo mpiga kura alipita kwenda kutumbukiza kibao chake, wanaweza kuchungulia. Mwaka 119 kabla ya Kristo Marius, wakati huo hajawa jemadari maarufu, akapitisha sheria ya kuvifanya vidaraja viwe vyembamba ili pasiwe na nafasi ya mtu kusimama pembeni. Mimi sheria hiyo huipenda kuliko hotuba nyingi za kukemea rushwa. Haikumwambia mtu awe mwema. Ilipunguza upana wa ubao.

Je, karatasi ya siri iliimaliza rushwa Roma? Wapi. Kulikuwa na watu wa kugawa hela kabila kwa kabila, na wengine wa kuzishika mpaka matokeo yatoke ndipo zitolewe, ili mnunuzi asiliwe. Wapambe wetu hawajaongeza jipya. Mwaka 54 kabla ya Kristo wagombea wa ukonsuli, cheo cha juu cha kuchaguliwa, walikopa hela nyingi mno za kuhonga hata riba mjini Roma ikapanda mara mbili, kutoka asilimia 4 kwa mwaka hadi 8. Siri ilimnyima mnunuzi uhakika wa mpiga kura mmoja mmoja, basi akahama: akawa analipa kundi zima, malipo baada ya ushindi. Kundi likishinda linakula wote, kwa hiyo wanachungana wenyewe kwa wenyewe.

Hilo la kulipa kundi mlikumbuke mkipanga kuhesabu. Mkihesabu karatasi za kila kitongoji peke yake, mnunuzi ataona mara moja ni kitongoji gani kilichomtosa. Changanyeni zote ndoo moja kwanza, ndipo mhesabu.

Uingereza ilichelewa kuliko wengi wanavyofikiri. Mpaka 1872 kura ilitamkwa hadharani na kuandikwa daftarini pamoja na jina lako, na madaftari hayo yalichapishwa yakauzwa. Waliowatangulia ni makoloni yao ya Australia, Victoria na Australia Kusini, mwaka 1856. Lakini Waingereza waliongeza kitu ambacho karatasi peke yake haina: mwaka 1883 wakaweka kikomo cha fedha ambazo mgombea anaweza kutumia, na kumwajibisha mgombea kwa makosa ya wapambe wake. Hapo ndipo bei ya kiti ilipoanza kushuka kweli.

Mianya ya karatasi ni mitatu, na kikundi kidogo kinaweza kuiziba yote bila gharama.

Wa kwanza ni simu. Mpiga kura anaingia kwenye kituturi, anapiga picha karatasi yake, anatoka na risiti. Italia ilipiga marufuku simu za kamera ndani ya vituturi mwaka 2008 kwa sababu hiyo hasa. Kwenu nyinyi ndoo moja mlangoni inatosha. Simu zote humo mpaka kura ya mwisho.

Wa pili ni mnyororo. Mtu wa kwanza anatoka na karatasi tupu mfukoni. Mpambe nje anaijaza, anampa wa pili, naye anaitumbukiza iliyojazwa na kutoka na tupu yake. Unaenda hivyo hadi jioni. Dawa yake ni watu wote kupiga kura ndani ya ukumbi mmoja au uwanja mmoja, kila aliyepewa karatasi aitumbukize mbele ya macho ya wote kabla hajatoka.

Wa tatu ni kununua watu wasije. Siri ikishamnyima mnunuzi uhakika wa kura yako, anaweza kununua kitu anachoweza kukiona, nacho ni wewe kubaki nyumbani. Vijijini New York, siri ilipoingia miaka ya 1890, wanasiasa waliwalipa wafuasi wa upinzani wakae kwao. Hapa Tanzania tumesikia ya kununua shahada za kupigia kura. Dawa ni akidi kubwa, theluthi mbili ya wanachama na si nusu, maana kuwazuia watu wengi ni ghali.

Na wasiojua kusoma? Hiki ndicho kisingizio kikubwa cha wapenda mstari, na jibu lake lipo miaka mingi. Mwaka 1965, Tanzania ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa chama kimoja, kila jimbo lenye wagombea wawili lilitumia alama mbili tu, jembe na nyumba. Gambia kwao wanatumia gololi: kila mgombea ana pipa lenye rangi na picha yake, unaingia peke yako na gololi moja, unaidumbukiza, na kengele iliyo ndani inalia mara moja ili wote wasikie hukutia mbili. Baiskeli huzuiwa karibu na kituo, kengele zisichanganye watu. Madebe mawili ya rangi nyuma ya pazia na gololi za dukani vinapatikana Tandahimba kama vinavyopatikana Banjul.

Uchaguzi ule wa 1965 una jambo jingine la kuiga, hata kama mtu hapendi habari za chama kimoja. Wagombea walisimama jukwaa moja, mikutano ikiandaliwa na chama, na mtu kufanya kampeni yake binafsi kwa hela yake hakukuruhusiwa. Kwa kikundi cha watu mia, mkutano mmoja wa wagombea wote, dakika sawa kwa kila mmoja, unamnyima mwenye mfuko mnene uwanja wake.

Bahati nasibu

Nikiitaja njia hii watu hucheka. Mwenyekiti wa kuokota kwenye kofia!

Waathene hawakuwa wakicheza. Baraza lao la watu 500 lilijazwa kwa bahati nasibu kila mwaka, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya miaka miwili maisha yake yote. Mahakimu wa kesi waligawiwa kwa bahati nasibu asubuhi ya siku ileile, kwa kutumia jiwe lenye matundu ya kuchomekea majina, ili mshitakiwa asijue usiku amgongee nani mlango. Utaratibu huo haukuzaliwa bure. Kabla ya hapo Anytus, aliyeshitakiwa baada ya kushindwa vitani, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha kuhonga mahakimu. Lakini majemadari kumi Waathene waliwachagua kwa kunyosha mikono, na aliyefanya vizuri alirudishwa. Vita haviachiwi kofia. Hapo wanafanana na Waingereza wa mizinga: panapotaka ujuzi, chagua, panapotaka mtu asiyenunulika, okota.

Venice wao walichanganya. Kuanzia 1268 hadi jamhuri yao ilipoanguka 1797, mtawala alipatikana kwa hatua kumi za kuchosha. Walianza kwa kuokota watu 30, kati yao wakaokotwa 9, hao 9 wakapendekeza 40, wakaokotwa 12, wakapendekeza 25, wakaokotwa 9, wakapendekeza 45, wakaokotwa 11, ambao waliwataja wale 41 wa kumchagua mtawala, naye alihitaji kura 25. Vipira vya bahati nasibu vilitolewa na mtoto mdogo aliyeokotwa njiani. Mnunuzi angeanzia wapi? Hamjui wa kumlipa mpaka dakika ambayo kila kitu kimekwisha. Matajiri wa Venice walibaki ndio wateule, hilo halikubadilika, ila kulinunua kundi la wapiga kura mapema kulikuwa kazi ngumu.

Wako watakaosema hii ni kamari. Waulizeni masheikh habari za Nabii Yunus mle jahazini, na waulizeni mapadri jinsi Mathiya alivyoingia mahali pa Yuda. Bahati nasibu ya kugawa kazi si ya kugawa hela.

Udhaifu wake wa kweli ni mwingine: inaweza kumpa daftari la fedha mtu asiyejua kujumlisha, na inaweza kumwokota aliyekwisha kulipwa tayari kama kofia ina majina machache. Kwenye kofia yenye majina matano, mnunuzi anaweza kuwalipa wote watano. Kwenye yenye majina themanini hawezi. Kwa hiyo bahati nasibu ni ya kikundi kikubwa, na ni ya kamati, si ya mweka hazina.

Ubwabwa, msimu na fulana

Njia yoyote mtakayoshika, mtakwama kwenye swali la ukarimu. Mgombea kachangia msiba wa jirani, hiyo ni rushwa? Kapika pilau la maulidi? Nchi nzima ilibishana juu ya hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Asasi tatu za kiraia zikaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba: vilimpendelea mwenye nacho dhidi ya asiye nacho. Mwaka uliofuata ikaja sheria mpya iliyounda TAKUKURU, na 2010 Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Kwa kikundi, kubishana kila sahani ni kupoteza muda. Cicero, alipokuwa konsuli mwaka 63 kabla ya Kristo, alipitisha sheria iliyomkataza anayetaka kugombea kuandaa maonyesho ya mapambano kwa watu ndani ya miaka miwili kabla ya kugombea, isipokuwa yale yaliyoagizwa kwenye wosia wa marehemu kwa siku maalumu. Angalieni ufundi wake: hakuuliza nia ya mtoaji, aliuliza tarehe. Nanyi wekeni miezi. Miezi mitatu kabla ya uchaguzi, mgombea asitoe zaidi ya kiwango ambacho kila mwanachama hutoa kwenye msiba au harusi. Kabla ya hapo atoe atakavyo, Mungu atamlipa.

Na miezi yenyewe ichagueni kwa akili. Huku kwetu hela ina majira. Oktoba hadi Desemba minada ya korosho inaendelea, malipo yanaingia, elfu tano haimtingishi mtu. Februari na Machi mvua inanyesha, ghala la nyumbani limepungua, ada imelipwa kwa mkopo, na elfu tano ni unga wa siku kadhaa. Kufanya uchaguzi Machi ni kuuza kura kangomba: mzigo ukiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye bakuli. Vikundi vingi huchagua viongozi mwanzoni mwa mwaka kwa mazoea tu ya kufunga mahesabu Desemba. Hesabu zifungwe Oktoba, uchaguzi uwe Novemba. Badiliko hili halina gharama, na kwa maoni yangu linaweza kuwabana wapambe kuliko mahubiri yote ya siku ya uchaguzi.

Mchague ipi

Kikoba cha watu wasiozidi thelathini, sanduku lenye kufuli tatu, hela inahesabiwa mbele ya wote kila wiki: kunyosha mikono au mstari unatosha, kwa sababu kiti chenyewe hakina cha kuiba. Washika funguo watatu waokotwe kwa zamu. Msijitwishe vituturi.

Umoja wa soko, bodaboda au wabanguaji wenye watu mia na zaidi, wenye akaunti benki na mikopo inayopita kwa viongozi: karatasi ya siri, na kamati ya uchaguzi iokotwe asubuhi ileile. Hapa sina mashaka. Mstari kwenye kikundi cha namna hii ni zawadi kwa tajiri.

Kamati ya maji au ya zahanati, ambako kazi kubwa ni kusimamia na kuulizia: wajumbe waokotwe kutoka kila kitongoji, ila mweka hazina achaguliwe kwa siri kati ya waliopitishwa kwamba wanaweza kuandika daftari. Kuteua kubaki kwa mkaguzi. Fomu za malaki zifutwe kila mahali. Elfu moja ya karatasi inatosha.

Kwa umoja mkubwa, kifungu kinaweza kusomeka hivi, mbadilishe namba kadiri ya hali yenu:

"Uchaguzi utafanyika mwezi Novemba kila baada ya miaka miwili. Akidi ni theluthi mbili ya wanachama. Asubuhi ya uchaguzi, majina ya wanachama wote waliohudhuria na wasiogombea yatatiwa kwenye ndoo, na mtoto asiye wa mgombea ataokota saba watakaosimamia na kuhesabu kura. Wagombea watazungumza katika mkutano huohuo, dakika kumi kila mmoja. Kura ni ya siri, simu zitaachwa mlangoni, na karatasi zote zitachanganywa kabla ya kuhesabiwa. Karatasi zitahifadhiwa kwa siku thelathini. Mgombea ambaye yeye au mpambe wake atatoa fedha, chakula, nguo au vocha ndani ya miezi mitatu kabla ya siku hiyo, zaidi ya kiwango cha mwanachama wa kawaida kwenye msiba au harusi, jina lake litaondolewa, na kama amekwisha kushinda, aliyemfuata kwa kura atachukua nafasi. Hakuna mtu atakayeshika nafasi moja zaidi ya vipindi viwili."